Taa Nyekundu ya Breki Ikiwaka Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili kwa Dereva

Dashibodi ya gari ina taa kadhaa ambazo dereva anaweza kuvumiliana nazo hadi mwisho wa juma akaonane na fundi wake, lakini taa nyekundu ya breki haimo katika kundi hilo. Katika magari mengi huonekana kama duara lenye alama ya mshangao ndani yake, huku vipande viwili vya mduara vikiwa vimelizunguka. Mengine huandika BRAKE, na mengine huongeza herufi P. Dereva wa tambarare akiiona, jambo la kwanza analojiuliza ni umbali wa gereji. Kwa anayeendesha kati ya Iringa na Tunduma, au anayetoka Uyole kushuka Kyela, hilo halitoshi, kwani linaloamua usalama wake ni mteremko uliopo kati yake na gereji hiyo. Kwa gari lenye breki zenye hitilafu, fundi aliye kilomita 3 chini ya mlima mkali yuko mbali kuliko aliye kilomita 10 kwenye barabara iliyonyooka.

Maelezo haya yanahusu magari madogo, Noah, Hiace na pikapu zinazotumia breki za mafuta. Malori na mabasi yenye breki za upepo yana sehemu yake fupi huko mbele.

Hakikisha kwanza kwamba taa yenyewe inafanya kazi

Ufunguo ukizungushwa hadi ON bila kuwasha injini, taa ya breki inapaswa kuwaka pamoja na za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga), oili na betri. Injini ikishawaka na hendibreki ikiteremshwa hadi mwisho, inapaswa kuzimika. Ikiwa haiwaki kabisa katika jaribio hili, basi ama balbu imeungua, ama waya umekatika, ama mtu fulani ameikata makusudi. Uwezekano huu wa mwisho si wa kubuni: wapo mafundi ambao, wakishindwa kupata chanzo cha taa kuwaka, huchomoa soketi ya sensa na kumkabidhi mteja gari lenye dashibodi safi. Anayenunua gari lililotumika afanye jaribio hili kabla ya kuzungumzia bei.

Hatua ya kwanza: pima pedeli ungali na nafasi

Taa ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, usifunge breki kwa nguvu na usizime injini. Ondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, tazama kioo cha nyuma, kisha kanyaga breki taratibu kabla hujafika kwenye kona au kwenye lori lililo mbele yako. Unachotafuta hapo ni habari kutoka kwenye unyayo.

Ikiwa pedeli iko juu, ina ugumu wake wa kila siku na gari linapungua mwendo kama kawaida, tatizo huenda ni hendibreki ambayo haijashuka vizuri, mafuta ya breki yaliyopungua kidogo, au sensa. Bado utasimama, ila una muda wa kuchagua mahali pazuri.

Ikiwa pedeli inazama zaidi kuliko kawaida ndipo ishike, chukulia kwamba nusu ya breki haipo. Magari yote ya miaka ya karibuni yana njia mbili za mafuta ya breki zinazojitegemea ndani ya masta silinda moja (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli), ili njia moja ikipasuka nyingine ibaki ikishikilia magurudumu mawili. Mpangilio huo umeokoa watu wengi, lakini pia huwadanganya, kwa sababu gari bado linasimama na dereva hujiambia kwamba atafika. Umbali linaouhitaji kusimama umeongezeka sana, na hakuna akiba nyingine iliyobaki nyuma ya hiyo.

Pedeli inayonepa, kisha ikaimarika ukiipampu mara mbili au tatu, ina hewa ndani ya mfumo au ina mafuta yaliyochemka. Na ile iliyokuwa ngumu kiasi kwamba unaikanyaga kwa mguu mzima na gari halipungui inavyotakiwa, inaonyesha kwamba busta, kifaa kinachouongezea nguvu mguu wako, imekosa ombwe linaloisaidia. Hapa kuna jambo la kijiografia ambalo madereva wanaotoka Dar es Salaam huliulizia: busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya mgandamizo wa hewa ya nje na ombwe la injini, na jiji la Mbeya, lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lina mgandamizo wa hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Pedeli kuwa nzito kidogo huku juu ni jambo la kawaida. Kuwa nzito ghafla si la kawaida.

Sababu ya kutozima injini ni hiyohiyo busta. Injini ikizimika, msaada uliobaki humalizika baada ya kukanyaga mara chache tu, na usukani nao huwa mzito. Ufunguo ukirudishwa hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga kabisa.

Hatua ya pili: simama kabla ya mteremko

Washa taa za tahadhari, shusha gia moja baada ya nyingine, na ingia kushoto mahali palipo sawa na panapoonekana kwa mbali. Kama mbele yako mteremko unaanza, simama sasa, hata kama sehemu uliyopo haina duka wala kivuli. Anayetoka Iringa kuelekea Morogoro na kuiona taa akiwa Ilula amepata bahati ambayo hataipata tena akishaanza kona za Kitonga. Vivyo hivyo anayetoka Mbeya kwenda Chunya kabla hajauvuka mlima, na anayetoka Iringa mjini kabla hajaanza kuteremkia Ipogolo.

Gari likisimama, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, vuta hendibreki, kisha weka mawe au magogo kwenye tairi upande ambao gari lingeelekea kuporomoka. Abiria washuke kwa mlango wa kushoto na wasisimame mbele wala nyuma ya gari. Weka pembetatu za kuakisi mwanga nyuma na mbele, angalau hatua 50 kutoka kwenye gari, na kama umesimama karibu na kona, pembetatu iwe kabla ya kona ili anayekuja aione kabla ya kukuona wewe. Matawi ya miti yanayotandazwa kwenye lami kwa kazi hiyo yanasaidia mchana, ila usiku na wakati wa ukungu wa Tukuyu au Makete hayaakisi chochote. Unapoondoka, ondoa matawi yako na mawe yako. Jiwe lililoachwa barabarani na dereva aliyesaidika huwa ajali ya dereva mwingine usiku huohuo.

Hatua ya tatu: hendibreki, kisha kichupa

Anza na jambo jepesi. Vuta hendibreki hadi juu, kisha iteremshe yote. Katika magari yenye breki ya maegesho ya mguu, kanyaga na uachie hadi irudi kabisa. Taa ikizimika na pedeli ni imara, umepata jibu. Hata hivyo, kama umetembea umbali mrefu na hendibreki ikiwa imevutwa nusu, sogeza kiganja karibu na magurudumu ya nyuma bila kugusa. Ukisikia joto kali au harufu ya kuungua, subiri yapoe yenyewe. Usiyamwagie maji, kwa kuwa chuma kilichopata moto kikipoozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Taa isipozimika, fungua boneti. Kichupa cha mafuta ya breki huwa upande wa dereva, karibu na kioo cha mbele, na katika magari mengi ni cha plastiki inayoonyesha ndani, chenye alama za MIN na MAX. Gari liwe mahali palipo sawa, kwa kuwa likiinamia upande mmoja kipimo hudanganya. Kwa sababu hiyohiyo, mafuta yanapokaribia MIN dalili ya kwanza huku milimani si taa inayowaka moja kwa moja, bali inayomweka kwenye kona, kwenye mwinamo au unapofunga breki, kisha ikazimika barabara inaponyooka. Wengi huidharau kwa kuwa inazimika. Anayeipuuza Makambako ataikuta tena, na wakati huo haitazimika.

Mafuta ya breki hayatumiki kama petroli inavyotumika. Yakipungua, kuna sababu mbili tu. Ya kwanza ni kwamba pedi zimeisha: kadiri zinavyolika, pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) husogea nje na mafuta huteremka kujaza nafasi hiyo, polepole, kwa miezi. Ya pili ni kuvuja, nako hakusubiri miezi. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, chini ya gari, kwenye mipira ya breki na kwenye paipu za chuma, kisha inama ndani ya gari uangalie nyuma ya pedeli, mahali masta silinda inapoweza kuvujia. Mafuta haya ni meupe au ya manjano hafifu yakiwa mapya, na ya kahawia yakiwa ya zamani, huteleza vidoleni. Katika baadhi ya magari ya gia za mkono, klachi nayo hunywa kutoka kwenye kichupa hichohicho, kwa hiyo klachi iliyolegea pamoja na taa ya breki ni habari moja.

Mwishowe, kama kichupa kimejaa na pedeli ni imara, kigongegonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Wakati mwingine boya la sensa hukwama chini, likaendelea kuripoti upungufu usiokuwepo.

Soma taa zilizowaka pamoja nayo

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga na gari likateleza ukifunga kwa nguvu. Wakati wa masika, barabara za vumbi zinapogeuka matope, sensa za magurudumu huchafuka au waya zake hukatika, na hicho ndicho chanzo cha mara kwa mara. Endesha polepole, acha nafasi, nenda ukapimiwe kwa mashine.

ABS na taa nyekundu zikiwaka pamoja, hali ni tofauti. Ule mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao huenda umezimika, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na kulizungusha gari. Usishuke nalo mlima.

Taa ya breki pamoja na ya betri mara nyingi ni kesi ya alternata (inayochaji betri) au mkanda wake. Kwa magari ya dizeli hili lina uzito zaidi, kwa sababu baadhi yake yana pampu ya ombwe iliyofungwa kwenye alternata yenyewe. Mkanda ukikatika, busta nayo inakosa ombwe.

Kuongeza mafuta, na mafuta yenyewe

Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko cha kichupa, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Hizi mbili, pamoja na DOT 5.1, ni za jamii moja na zinaweza kuchanganyika wakati wa dharura, ingawa usishuke daraja kama gari linadai DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine, ijapokuwa jina lake linafanana nazo. Oili ya injini, ya gia au ya usukani isiingie humo hata tone moja. Huvimbisha mipira ya ndani, na gharama yake ni kubadilisha karibu kila kitu chenye mpira katika mfumo mzima.

Futa kifuniko kabla ya kukifungua ili vumbi lisiingie, na ongeza hadi kati ya MIN na MAX, si hadi mdomoni. Kama pedi zimelika na ukajaza hadi juu, siku fundi atakapofunga pedi mpya atazirudisha pistoni nyuma na mafuta yatafurika, nayo yanaondoa rangi ya gari. Yakimwagika kwenye bodi, suuza kwa maji mengi mara moja.

Nunua chupa iliyofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na chupa iliyokaa wazi rafuni kwa miezi, hata ikiwa imejaa robo tatu, si ya kutegemewa. Baada ya kuongeza, kanyaga pedeli na uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole, au kiwango kikishuka tena ukitazama, kuna mvujo na safari imeishia hapo.

Uamuzi: kuendelea, kumwita fundi, au kubebwa

Unaweza kuendelea taratibu ikiwa mambo yote haya yametimia: pedeli ni imara bila kupampu, kiwango cha mafuta hakishuki, hakuna mahali palipolowa, na barabara iliyo mbele haina mteremko mrefu. Kati ya Mafinga na Makambako, kwa mfano, gari la namna hiyo linaweza kufikishwa gereji kwa kilomita 40 kwa saa. Kutoka Uyole kwenda Kyela halifai, maana ukishavuka Isongole barabara inashuka kupitia Kiwira na Tukuyu hadi bondeni, na hata taa inayoonekana ya uongo haistahili kuaminiwa huko. Katika hali hiyo mwite fundi aje ulipo. Nauli ya bodaboda ya kumleta kutoka Mwanjelwa au Uyole ni ndogo.

Kuvutwa kwa kamba ndiyo tiba inayopendwa barabarani, na kwa tatizo hili ndiyo mbaya zaidi. Gari linalovutwa injini ikiwa imezimwa halina msaada wa busta, na kamba haizuii chochote kwenye mteremko: litamgonga anayelivuta. Tumia gari la kubebea, au angalau chuma kigumu cha kuvutia, na kwenye sehemu ya tambarare tu.

Breki zikikataa ukiwa mteremkoni

Sehemu hii inahitaji kueleweka kabla ya siku yenyewe. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 500 hutoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya debe moja la maji. Dereva akishuka kwa breki peke yake, karibu joto hilo lote linaingia kwenye diski, pedi, drumu na hatimaye kwenye mafuta. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 205, na DOT 4 kwa 230. Zikishanyonya maji, viwango vinavyokubalika hushuka hadi 140 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hugandamizika, na pedeli huzama hadi sakafuni ingawa hakuna tone lililovuja. Hii ndiyo sababu gari lililosimama vizuri Igawilo asubuhi linaweza kukosa breki kabla ya Tukuyu.

Ikitokea, pampu pedeli haraka mara nyingi, kwani mara nyingi hurudisha sehemu ya shinikizo. Wakati huohuo shusha gia moja baada ya nyingine. Kwa otomatiki, zima O/D (overdrive, gia ya mwendo wa juu), kisha 3, 2, L kadiri mwendo unavyopungua, au tumia S au B kwa magari yenye herufi hizo. Vuta hendibreki kidogo kidogo huku kitufe chake kikiwa kimebonyezwa, ili uweze kuiachia magurudumu yakianza kujifunga. Ile ya umeme, shikilia swichi yake bila kuachia. Piga honi, washa taa, na tafuta mahali pa kupanda, changarawe, shamba au mtaro wa upande wa mlima. Kuliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo ubavu ukikwaruzwa ni afadhali kuliko kuisubiri kona inayofuata. Usizime injini na usiweke gia huru.

Kuhusu gia huru, ile tabia ya kuliachia gari liteleze mlimani ili kubana mafuta haina faida inayodhaniwa. Injini za sindano za kielektroniki hukata mafuta gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedeli. Likiwa huru, injini inaendelea kunywa ili isizimike. Shuka kwa gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huohuo, na breki iwe ya kukanyaga kwa uthabiti kwa muda mfupi kisha kuachia, si kuikalia njia nzima.

Malori na mabasi ya upepo

Hapa taa nyekundu na king'ora humaanisha kwamba shinikizo la upepo limeshuka, kwa kawaida hadi karibu baa 4 au 5. Upepo ukizidi kupungua, breki za springi hujifunga zenyewe, na zinaweza kufanya hivyo katikati ya kona. Simama mara moja, mruhusu utingo aweke magogo kabla ya kitu kingine chochote, na usianze tena mpaka geji imepanda na kubaki pale injini ikiwa imezimwa. Kuzifungua breki za springi kwa spana ili gari lisogee ni kazi ya mahali palipo sawa kabisa, tairi zikiwa zimezuiwa.

Ukifika gereji

Mwambie fundi ulichohisi mguuni, si kwamba taa imewaka tu. Omba aondoe magurudumu yote manne akuonyeshe pedi na viatu vya breki. Pedi iliyobaki milimita 3 au chini ya hapo ibadilishwe, daima pande zote mbili za ekseli moja. Ikiwa mfumo ulifunguliwa, hewa iliyoingia itolewe kwa utaratibu wa gari hilo, na kama mafuta yamekuwa ya kahawia, yabadilishwe yote badala ya kuongezewa mapya juu ya machakavu. Miaka 2 ndiyo muda unaopendekezwa kwa magari mengi.

Jaribio la busta unaweza kulifanya mwenyewe kabla ya kulipa: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Baada ya pedi mpya kufungwa, pampu pedeli hadi isimame imara kabla gari halijasogea hata hatua moja, kwa sababu pistoni ziko nyuma na mkanyago wa kwanza hauna breki. Kisha lijaribu kwenye uwanja au barabara ya tambarare, kwa mwendo mdogo, fundi akiwa ameketi pembeni yako.